Serikali ikizushiwa: Ifunge midomo au ifungue daftari?

Na Mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Songea

MWANAFUNZI wangu mmoja wa kidato cha nne aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile ile. Tulikuwa tukisoma aya ya sita ya Suratul-Hujurat, inayowataka waumini waichunguze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajutia walichokifanya. Kijana akanyoosha mkono. "Ustadhi," akasema, "raia akisambaza uongo kwenye simu anakamatwa na polisi. Serikali yenyewe ikisema jambo lisilo kweli, nani anaikamata?"

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, maana niliona kijana amegusa mahali penyewe. Nilimwomba anipe wiki moja. Makala hii ni yale niliyomjibu wiki iliyofuata, pamoja na mengine ambayo muda wa kipindi haukuyaruhusu.

Tutofautishe kwanza

Ndugu msomaji, mitaani tunachanganya mambo matatu. Kuna uvumi, yaani habari isiyo na mwenyewe, ambayo huenda ikawa kweli au si kweli. Kuna kosa, pale mtu anaposema jambo akiamini ni kweli kumbe amepotoka. Na kuna uzushi, pale mtu anapotunga uongo huku akijua ni uongo, akausambaza ili apate faida au amdhuru mwenzake. Uzushi huo unapolengwa kwenye kura, vyama na viongozi, ndio upotoshaji wa kisiasa tunaouzungumzia hapa.

Ni muhimu kutofautisha kwa sababu adhabu yake haiwezi kuwa moja. Mzushi ana nia mbaya. Aliyekosea anahitaji kusahihishwa. Mwenye uvumi anahitaji kupewa habari kamili. Serikali inayowaweka wote watatu katika pingu moja imeshakosea kabla haijafika mahakamani.

Madhara yake si madogo

Asije mtu akadhani natetea wazushi. Majirani zetu wa Kenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa siku tatu baadaye, upande mmoja ukiamini umeibiwa, nchi iliwaka moto. Zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha na malaki wakakimbia makazi yao. Katika siku zile ujumbe mfupi wa simu ulibeba kila aina ya uchochezi: kabila fulani linakuja usiku, kabila fulani lifukuzwe. Uongo uliua, na ukweli uliocheleweshwa nao uliua.

Ilifikiriwa kuzima kabisa huduma ya ujumbe mfupi. Hatimaye njia iliyochukuliwa ilikuwa nyingine: kampuni ya simu ya Safaricom iliwatumia wateja wake ujumbe wa kuhimiza amani. Simu ile ile iliyokuwa ikibeba sumu ikabeba na dawa. Jambo hilo tulikumbuke, maana tutalirudia.

Swali basi si kama serikali ya kidemokrasia ina haki ya kujibu uzushi. Ina haki, tena ina wajibu. Swali ni namna gani. Ukitazama ukanda wetu wa Afrika Mashariki utaona njia tatu.

Njia ya kwanza: Sheria na pingu

Njia hii ni kongwe. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 hapa kwetu ilikuwa tayari na kosa la kuchapisha habari za uongo zinazoweza kuleta hofu. Zilipokuja zama za intaneti, Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Kifungu chake cha 16 kiliweka adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayechapisha habari akijua ni za uongo au za kupotosha.

Kwenye karatasi kifungu hicho kinamlenga mzushi hasa, maana kinataja kujua na kukusudia. Lakini Oktoba ile ile ya 2015, siku chache baada ya kura, polisi waliingia katika kituo cha waangalizi wa uchaguzi wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakawakamata wafanyakazi na kuchukua kompyuta. Watu wale kazi yao ilikuwa kukusanya taarifa za vituoni. Ama kweli, panga likishanolewa halichagui la kukata.

Mwaka 2018 tukaenda mbali zaidi. Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa ni jinai kutoa taarifa yenye lengo la kupinga au kupotosha takwimu rasmi. Maana yake, hata mtafiti aliyehesabu mwenyewe kaya kwa kaya na kupata jibu jingine angejiweka hatarini. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake, na mwaka 2019 Bunge letu likarekebisha tena na kuiondoa jinai hiyo. Kurudi nyuma pale ulipokosea ni jambo la kusifiwa, na tunalisifu.

Mahakama nazo zimesema. Nchini Uganda, wanahabari wawili wa gazeti la The Monitor, Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda, walishitakiwa mwaka 1997 kwa habari kwamba Kabila wa Kongo ameilipa Uganda kwa dhahabu. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Februari 2004 ilikifuta kifungu cha kanuni ya adhabu kuhusu habari za uongo. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba maoni ya mtu hayapotezi ulinzi wa katiba kwa sababu tu mwingine anayaona si sahihi au yanamkera. Tarehe 28 Machi 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha nayo ilisema vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, vikiwemo vya habari za uongo na uchochezi, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Baadhi ya vifungu vya sheria hiyo vilirekebishwa mwaka 2023.

Kwa nini majaji wa nchi mbalimbali wanazitilia shaka sheria za namna hii? Jibu lake Watanzania tulilipata wenyewe mwaka 2021.

Somo la Machi 2021

Hayati Rais John Magufuli, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye mambo yake, alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari 2021. Siku zikapita. Watu wakaanza kuulizana, kisha wakaanza kusema: Rais anaumwa. Wengine wakaongeza yao, mara amepelekwa nchi hii, mara nchi ile. Tarehe 12 Machi, baada ya swala ya Ijumaa mjini Njombe, jirani zetu hapa, Waziri Mkuu aliwaeleza waumini kwamba Rais ni mzima na anaendelea na kazi. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo aliwaonya wasambazaji wa uvumi kuwa jela inawangoja. Polisi wakatangaza kuwakamata watu katika mikoa kadhaa.

Usiku wa tarehe 17 Machi, Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alilitangazia taifa msiba. Katika tangazo hilo hilo rasmi tukaelezwa kuwa Rais alilazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tarehe 6 Machi, akaruhusiwa tarehe 7, kisha akapelekwa Hospitali ya Mzena tarehe 14.

Sisemi nani alijua nini na lini. Hilo silijui, na aya niliyokuwa nikiifundisha inanikataza kulizungumza bila ujuzi. Ninachosema ni hiki: kwa maelezo ya serikali yenyewe, aliyesema "Rais anaumwa" katika wiki ile hakuwa ametunga jambo zima. Aliyesema amepelekwa nje ya nchi hakuthibitishwa na yeyote. Ukweli na uongo vilikuwa katika gunia moja, na sheria haikuwa na namna ya kuvitenganisha, kwa sababu mwenye ukweli mkononi ndiye aliyekuwa mlalamikaji, ndiye mkamataji, na ndiye mtoa tafsiri ya kipi ni uongo.

Huo ndio ugonjwa wa njia ya kwanza. Unamfanya mshitaki kuwa hakimu katika kesi yake mwenyewe. Sisi tunaosoma fiqhi tunajua kwamba kadhi hahukumu kesi ambayo yeye ni upande mmojawapo. Kwa nini kwenye habari tuone ni sawa?

Njia ya pili: Kuzima taa

Njia ya pili ni kufunga mlango ambao habari hupitia. Nchini Uganda, tarehe 11 Januari 2021, siku tatu kabla ya uchaguzi, kampuni ya Facebook ilitangaza kuzifuta akaunti bandia na zinazojirudia ambazo ilizihusisha na kituo kilichokuwa chini ya wizara ya habari ya Uganda yenyewe. Kesho yake serikali ikafunga mitandao ya kijamii, na tarehe 13 usiku ikazima intaneti nchi nzima kwa siku kadhaa. Tazama mpangilio wa matukio, msomaji. Aliyetajwa kuhusika na upotoshaji ndiye aliyekuwa na mkono kwenye swichi.

Na sisi tumeyaonja. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X ilidukuliwa, ikatumika kutangaza uongo mtupu, ukiwemo uongo kwamba Rais amefariki. Hapo palikuwa na uzushi halisi usio na utetezi wowote, na polisi walifanya vyema kuukanusha mara moja. Kanusho hilo pekee lilitosha. Lakini mtandao wa X nao ukawa haupatikani nchini, na waliokuwa wakiutumia kupata kanusho wakakosa vyote viwili.

Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Intaneti ilizimwa nchi nzima katikati ya maandamano na vurugu, na huduma ikaanza kurejea tarehe 3 Novemba. Katika siku zile, waliokuwa na ndugu Dar es Salaam, Arusha au Mbeya hawakujua wamelalaje. Je, uvumi ulikoma? Haukukoma. Ulihamia kwenye mazungumzo ya simu, vibarazani na kwenye mabasi, na intaneti iliporudi kila upande ulikuja na idadi yake ya waliokufa, na hakuna aliyekuwa na daftari la kumwonyesha mwenzake. Serikali yenyewe ikaona haja ya kuunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kwa mtazamo wangu, gharama ya kuzima ilionekana hapo: ukizima taa humwoni mwizi, na wewe mwenyewe huonekani kuwa si mwizi.

Sisi wa Songea hatuhitaji kwenda mbali kulijua hili. Tarehe 22 Februari 2012, baada ya mfululizo wa mauaji hapa mjini, vijana wa bodaboda, ambao kwetu tunawaita yeboyebo, na wananchi wengine waliandamana wakilalamika kwamba watu wanauawa na hakuna maelezo. Uvumi wa ushirikina ulikuwa umejaa kila kijiwe. Siku ile risasi za polisi zilitoa roho za watu. Ule haukuwa uzushi wa uchaguzi, lakini mzizi ni ule ule. Penye pengo la habari, uvumi huingia bila kubisha hodi. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Njia ya tatu: Kufungua daftari

Turudi Kenya, maana jirani yetu huyu ametufundisha kwa makosa yake na kwa mafanikio yake. Mwaka 2017, baada ya uchaguzi wa Agosti, upinzani ulidai kompyuta za tume ya uchaguzi zimechezewa. Mahakama ya Juu iliamuru zikaguliwe. Tume haikutekeleza amri hiyo ipasavyo. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama ikaufuta uchaguzi wa urais, na kule kuficha kukawa miongoni mwa mambo yaliyoiponza tume.

Mwaka 2022 tume ile ile ilibadili mwendo. Baada ya kura ya tarehe 9 Agosti, fomu za matokeo za vituo vyote, zinazoitwa fomu 34A, ziliwekwa katika tovuti ya wazi. Vituo vilikuwa zaidi ya 46,000. Mwenye simu Mombasa aliweza kuitazama fomu ya kituo cha Turkana. Vyombo vya habari vikajumlisha vyenyewe, vyama vikajumlisha, hata wanafunzi wakajumlisha.

Uzushi haukukosekana. Matokeo ya kughushi yalizagaa kwenye Facebook na TikTok. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo siku ya kutangazwa, jambo ambalo mwaka 2007 lingeweza kuiwasha nchi. Lakini safari hii kulikuwa na kitu cha kushika. Majaji saba wa Mahakama ya Juu walikaa, wakalinganisha madai na fomu, na tarehe 5 Septemba 2022 wakatoa uamuzi kwa kauli moja, wakieleza kuwa baadhi ya vielelezo vilivyoletwa vilikuwa vya kughushi. Machafuko ya kiwango cha 2007 hayakutokea. Sisemi Kenya ni malaika, kwani mwaka 2018 nayo ilitunga sheria ya makosa ya kompyuta yenye vifungu vya habari za uongo. Ninasema tu kwamba kilichouvunja nguvu uongo mwaka 2022 kilikuwa karatasi iliyo wazi na hakimu anayesikilizwa. Sheria ile ya 2018 haikuifanya kazi hiyo.

Ulaya nako wana lao la kutufunza. Desemba 2018 Ufaransa ilitunga sheria dhidi ya upotoshaji wakati wa uchaguzi. Katika miezi mitatu kabla ya kura, mgombea, chama au raia anaweza kwenda kwa jaji, na jaji anatakiwa kuamua ndani ya saa 48. Serikali haiamui. Na unajua ni maneno ya nani yaliyopelekwa kwa jaji mara ya kwanza? Ni ya Waziri wa Mambo ya Ndani, Christophe Castaner, aliyeandika mtandaoni kuwa waandamanaji wameishambulia hospitali mjini Paris siku ya Mei Mosi 2019. Jaji aliyakataa maombi hayo, akiona waziri ametia chumvi lakini tukio la watu kuingia eneo la hospitali lilikuwepo. Maneno ya waziri hayakuondolewa. Lakini yalipimwa na jaji kama ya raia mwingine, na hilo ndilo jibu la nusu ya swali la mwanafunzi wangu.

Tumefundishwa nini?

Kwa Muislamu, mambo haya si mageni. Uzushi mzito kuliko yote katika sira ni ule wa Ifki, aliozuliwa Mama yetu Aisha (r.a.) na kundi lililoongozwa na Abdullah bin Ubayy. Mtume (s.a.w.) alikuwa mume wake na pia kiongozi wa Madina. Nguvu alikuwa nayo. Lakini kwa muda unaokaribia mwezi hakumkamata mtu. Aliulizia, akataka ushauri, akasubiri. Wahyi uliposhuka katika Suratun-Nur uliwadai wazushi mashahidi, na adhabu ikaja baada ya ushahidi.

Hali kadhalika Suratun-Nisaa aya ya 83 inawalaumu wanaotangaza kila habari ya amani au ya hofu inayowafikia, badala ya kuirejesha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka wawezao kuichambua. Aya hii husomwa sana kuwakemea raia. Lakini tuisome pande zote mbili. Raia ataipelekaje habari kwa mwenye mamlaka ikiwa mlango wake umefungwa, au ikiwa anayeuliza anageuzwa mtuhumiwa?

Kuna kisa kinachosimuliwa sana misikitini cha Khalifa Umar (r.a.), alipoulizwa mbele ya watu imekuwaje nguo yake ni kubwa kuliko fungu walilogawiwa wengine. Hakuagiza muulizaji ashikwe. Alimsimamisha mwanawe Abdullah, akaeleza kuwa alimpa baba yake fungu lake. Hesabu ikatoka, maneno yakaisha, na watu wakaendelea kumsikiliza.

Jibu langu kwa yule kijana

Nilimwambia hivi: serikali ikisema lisilo kweli, inakamatwa na daftari lililo wazi, na hakimu asiyekuwa upande wowote, na raia anayeuliza bila kutukana. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki huchechemea. Ndiyo maana serikali yenye busara haivipigi vita vitatu hivyo, kwani ndivyo vitakavyoitetea siku itakapozushiwa kweli. Serikali iliyozoea kusema kweli, ikikanusha inaaminika. Iliyozoea kuficha, hata ikisema kweli watu hutikisa vichwa.

Nikamwambia pia kwamba mlango wa kwanza wa uzushi uko kwenye kidole chake. Imepokewa kwamba inamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila anachokisikia. Basi kabla ya kusambaza kitu kwenye WhatsApp, ajiulize: nani amekisema, amekijuaje, na nani mwingine amekithibitisha? Akikosa jibu, akiache kife mikononi mwake. Hilo halihitaji polisi wala waziri.

Akaniuliza tena, "Na serikali, Ustadhi, nayo ijiulize maswali hayo hayo kabla ya kutangaza?"

Nikamwambia ndiyo, hayo hayo matatu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Wallahu a'lam.